Stakabadhi zako zinakwenda ng'ambo? Anzia kwenye muhuri wa mwisho

Mimi ni karani katika ofisi ya mawakili hapa katikati ya Nairobi. Kazi yangu kubwa ni miguu: kubeba vyeti vya watu kutoka dirisha hili hadi lile mpaka vikubalike Doha, Toronto au Guangzhou. Hapa naeleza jinsi ya kuifanya kazi hiyo mwenyewe.

Kabla hujapanga foleni yoyote, elewa muhuri unasema nini. Wengi hudhani Wizara ya Mambo ya Nje ikigonga muhuri kwenye cheti cha digrii imethibitisha kwamba mwenyewe alisoma. La. Inasema tu: sahihi hii tunaijua, ni ya ofisa fulani. Ofisa wa wizara anayo mifano ya sahihi za maofisa wengine, naye hulinganisha. Ubalozi nao hautazami masomo yako, unatazama sahihi ya huyo ofisa wa wizara. Kila mkono unaushuhudia mkono uliotangulia, hakuna zaidi ya hapo.

Hili nililijua kwa kuumia. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilichukua hati ya mteja, ya kumpa nduguye mamlaka ya kuuza gari, ikiwa na muhuri mwekundu wa noteri wetu (wakili mwenye leseni ya kushuhudia hati), nikaipeleka moja kwa moja wizarani, Harambee Avenue. Nilipanga foleni tangu asubuhi. Zamu yangu ilipofika, ofisa akaigeuza mara mbili, akanirudishia: "Kijana, sahihi hii sisi hatuijui." Alikuwa na haki. Anayeijua sahihi ya noteri ni Msajili wa Mahakama Kuu, kule Milimani. Nikapanda kilima na viatu vyangu vya ofisi.

Hatua ya 1: Muulize anayepokea

Mwandikie mwajiri, chuo au ofisi ya uhamiaji, upate jibu la maandishi. Swali ni hili: mnataka muhuri wa nani uwe wa mwisho, na uwe kwenye cheti chenyewe au kwenye nakala?

Huenda jibu likakuokolea safari zote. Wauguzi wanaokwenda Uingereza, kwa mfano: baraza lao hapa huwasiliana moja kwa moja na baraza la kule, na cheti ulichopigia mihuri 5 hakiongezi kitu. Wanaofanyiwa tathmini ya masomo kwa ajili ya Kanada nao mara nyingi hutakiwa matokeo yatumwe na chuo chenyewe, si na mwanafunzi. Nimeona watu wakilipia mihuri ambayo hakuna aliyeiomba.

Ukiambiwa "tunataka apostili", usikubali haraka wala usikatae. Apostili ni cheti kimoja kinachochukua nafasi ya mlolongo mzima, chini ya Mkataba wa Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961. Hufanya kazi pale tu nchi iliyotoa stakabadhi na ile inayoipokea zote zimo katika mkataba. Saudi Arabia iliingia Desemba 2022, Uchina Novemba 2023, Kanada Januari 2024, na kwa hiyo fomu zao siku hizi zimejaa neno hilo. Lakini kuwa kwao ndani hakutoshi, nchi ya cheti, yaani Kenya, nayo inahesabiwa. Stakabadhi zote nilizobeba mimi zimepita njia ndefu, wizara kisha ubalozi. Mweleze hivyo anayekudai apostili, kisha umuombe akuthibitishie kwa barua pepe kwamba muhuri wa ubalozi wake utamtosha.

Hatua ya 2: Majina, majina, majina

Hapa ndipo safari nyingi huvunjika, kwa hiyo tukae kidogo.

Tandaza mezani pasipoti, kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, cha KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari) na cha chuo. Soma jina herufi kwa herufi. Mohamed kwenye kitambulisho, Muhammad kwenye cheti. Atieno anatangulia huku, kule amekuja mwisho. Jina la ubatizo limo kwenye cheti cha shule lakini halimo kwenye cheti cha kuzaliwa, kwa sababu ulibatizwa darasa la sita. Sisi hapa tunaelewana, maana nani hana shangazi mwenye majina matatu tofauti? Karani wa Abu Dhabi haelewi. Kwake hao ni watu wawili.

Tofauti ikiwa ya mpangilio au herufi moja, mara nyingi hati ya kiapo inayosema majina yote ni ya mtu mmoja hutosha, ilimradi anayepokea aikubali. Muulize kwanza. Ikiwa jina lenyewe limebadilika, kiapo ni plasta juu ya mfupa uliovunjika. Hapo unahitaji hati rasmi ya kubadilisha jina, iliyosajiliwa na kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Kenya. Huchukua muda, kwa hiyo lianze hilo kabla ya mengine yote.

Na tafadhali, usilaminishe vyeti. Najua mama alikilaminisha cha kuzaliwa mwaka ulipoanza shule, kwa nia njema kabisa. Wino wa muhuri haushiki plastiki, na ofisa anataka kuigusa karatasi. Usijaribu kuibandua kwa pasi, maana cheti kitaondoka nayo. Omba nakala mpya iliyothibitishwa na ofisi iliyokitoa.

Hatua ya 3: Muhuri wa mwenye cheti

Kila stakabadhi ina mama yake, naye ndiye wa kuanza kuishuhudia. Cheti cha kuzaliwa au cha kifo ni cha Idara ya Usajili wa Raia. Ndoa, pamoja na barua ya kuonyesha kwamba hakuna kizuizi kwako kuoa au kuolewa, ni ya Msajili wa Ndoa, Sheria House. KCSE ni ya KNEC, baraza la mitihani, na maombi hufanywa kwenye mfumo wao wa mtandaoni wa QMIS. Digrii huanzia kwa msajili wa chuo, kisha huenda Wizara ya Elimu, Jogoo House.

Cheti cha tabia njema, kile cha polisi, kina hesabu yake. Unaomba kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, unachapisha fomu C24 pande mbili za karatasi moja (saiba nyingi huchapisha karatasi mbili, ukarudishwa), kisha unapigwa alama za vidole Huduma Centre au makao makuu ya DCI (idara ya upelelezi), Kiambu Road. Kiombe mwishoni. Nchi nyingi huhesabu umri wake, mara nyingi miezi 3 au 6, na ukikitanguliza kitazeeka ukisubiri digrii.

Anayekwenda kufanya kazi aongeze mkataba wa ajira. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa kazi ya nje ushuhudiwe na ofisa wa leba. Wakala akikuambia hilo halina maana, tafuta wakala mwingine.

Hatua ya 4: Noteri, ikihitajika tu

Hati za binafsi, kama kiapo, idhini ya mzazi au kumpa mtu mamlaka, hazina ofisi ya serikali iliyozitoa. Ndiyo maana hupitia kwa wakili mwenye leseni ya noteri, kisha kwa Msajili wa Mahakama Kuu. Si kila wakili ni noteri. Kamishna wa viapo naye si noteri, hata kama mihuri yao inafanana kwa mbali.

Hatua ya 5: Wizara ya Mambo ya Nje

Jengo ni Old Treasury, Harambee Avenue. Ukishuka kituo cha basi cha Kencom ni mwendo wa dakika chache. Beba cheti halisi, fotokopi, pasipoti au kitambulisho. Acha mgongo wa cheti ukiwa mweupe, kwani mihuri mingi hugongwa nyuma.

Malipo ya serikali hupitia eCitizen, Paybill 222222. Mtu akikupa namba yake ya simu ngazini akisema "nitakupitishia mbele", mwitikie salamu uendelee na safari. Muhuri anaoleta pengine ni bandia, umechongwa River Road, na ubalozi ukiugundua, wa kujieleza ni wewe uliyewasilisha, si yeye.

Hatua ya 6: Ubalozi

Piga simu kwanza, kwa kuwa kila ubalozi una siku zake za kupokea nyaraka na hufungwa pia siku za likizo za kwao. Uliza kama wanataka tafsiri, na nani anaruhusiwa kuitafsiri. Baadhi ya balozi hazigongi muhuri kabisa: humtuma mtu wao akachunguze cheti kule kilikotoka, nawe unalipia uchunguzi huo. Kwa Falme za Kiarabu, jua kwamba cheti kikishafika kule wizara yao nayo hukigonga, kwa hiyo usimwambie mwajiri kwamba kila kitu kimekwisha.

Ukishakipokea, kihesabu pale pale dirishani: kurasa, mihuri, tarehe, jina. Kisha kiskani. Ukitaka fotokopi ya hati iliyofungwa kwa pini au utepe wa noteri, kunja kurasa moja moja juu ya mashine, na umsimamie kijana wa saiba asiing'oe pini. Hati iliyofunguliwa huonekana kama iliyobadilishwa ukurasa, nawe utarudi Milimani kuanza upya.