SOMO: Kigoda cha bustani kwa chupa 19 na mifuko ya nyumbani

Swali ni lile lile kila siku: "Chupa inajazwaje mpaka imbebe mtu mzima?" Nimeamua kuandika yote hapa mara moja. Soma mpaka mwisho kabla ya kuuliza.

MAHITAJI
Chupa 19 za lita 1.5 pamoja na vizibo vyake, zote za aina moja. Chukua za soda ukizipata: hutengenezwa nene kuliko za maji ili zihimili msukumo wa gesi. Zenye kiuno chembamba ziache, hazigusani vizuri. Plastiki ya kujazia, takribani kilo 9. Kijiti cha mbao ngumu au mwanzi chenye unene wa sentimita 1, kirefu kuliko chupa kwa shubiri moja. Mizani ya jikoni. Gundi ya silikoni, mirija 2 ya mililita 300. Tyubu kuukuu 2 za baiskeli. Duara 2 za plaiwudi ya milimita 18, kila moja upana wa sentimita 46. Kamba ya milimita 6.

Kilo 9 za mifuko ni nyingi kuliko unavyodhani. Weka kapu jikoni leo, kigoda kitakuja chenyewe.

HATUA

1. Osha kila kitu kwa sabuni. Chupa zioshwe kwa maji baridi au ya vuguvugu. Plastiki yake hulegea kwenye nyuzi joto 70 hivi, na maji yaliyochemka yataikunja.

2. Anika mpaka ikauke kabisa. Pakiti za maziwa zipasue zifunguke, kwa sababu tone hujificha kwenye kona. Unyevu na mabaki ya chakula vikifungiwa ndani huleta ukungu na gesi, chupa inavimba.

3. Kata. Mifuko laini iwe vipande vya upana wa vidole viwili. Plastiki ngumu, kama vikopo vya mtindi, iwe midogo kama ukucha.

Visivyoingia: karatasi, chakula, chuma, kioo, betri, nepi, na ile mifuko inayouzwa kwa sifa kwamba inaoza. Hiyo ya mwisho huenda ikaoza kweli, ndani ya chupa yako.

4. Shindilia. Hapa ndipo nilipoharibu kigoda cha kwanza, na ndipo wengi wanapoharibu. Kosa ni kujaza chupa hadi shingoni halafu ndipo ukaanza kushindilia. Juu panakaza, chini panabaki pamoja na hewa, na kijiti hakifiki tena. Anza na mfuko mmoja laini na mzima, uusukume ujaze yale mabonde ya kitako. Kisha tia kiasi cha ngumi moja, shindilia, tia tena. Usipige katikati tu. Pita ukizunguka ukutani, kwa sababu plastiki hukimbilia pembeni na kuacha matundu usiyoyaona. Changanya laini na ngumu: ngumu peke yake huacha nafasi, laini peke yake hukuchosha bila kuongeza uzito. Ukifika kwenye mabega, punguza ngumi iwe nusu na ushindilie zaidi ya kote, maana mzigo wa anayekaa hushukia kwenye vizibo, na bega tupu hubonyea.

Tahadhari tatu. Usitumie nondo wala bisibisi, zitatoboa ukuta. Ncha ya kijiti iwe ya mviringo, umeipiga msasa. Na usijaze mpaka kizibo kisukumwe: acha sentimita 1 au 2 shingoni. Chupa iliyojazwa kupita kiasi hutuna tumboni, na ikituna haikai sawa na wenzake.

5. Pima. Kila mililita 1 ya ujazo ibebe angalau gramu 0.33, pamoja na uzito wa chupa yenyewe. Kwa lita 1.5 ni gramu 500. Iliyopungua fungua, shindilia, ongeza. Kisha ibane kwa mikono miwili kama unavyopima embe bivu: ikiingia ndani, bado. Andika uzito kwenye chupa kwa kalamu isiyofutika.

6. Panga na gundisha. Moja katikati, 6 kuizunguka, 12 kuzizunguka hizo. Vitako chini, vizibo juu. Futa kila chupa kwa spiriti kwanza, silikoni haishiki mafuta ya vidole. Gundisha 7 za ndani, acha saa 24, kisha mzunguko wa nje. Silikoni hukauka kwa unyevu wa hewa kuanzia nje kwenda ndani, milimita 2 au 3 kwa siku. Ukigundisha zote 19 kwa mkupuo, katikati hapapati hewa na utakuta uji baada ya wiki.

7. Kata tyubu kwa urefu uwe mkanda, zungushia kifurushi juu, katikati na chini huku ukiuvuta.

8. Kila duara litoboe matundu 6 karibu na ukingo, sentimita 21.5 kutoka katikati, moja kwa kila upande ulionyooka wa kifurushi. Pitisha kamba kutoka duara la juu hadi la chini, kaza. Chini gongomea vipande 4 vya mbao kama miguu, ili mafundo yasiguse ardhi na plaiwudi isinywe maji. Vitatu havitoshi, kitapinduka.

9. Kishonee gauni la turubai. Jua huifanya plastiki ya chupa iwe kavu na kupukutika, na huo unga utaishia kwenye udongo wako. Kigoda kisichofunikwa kikae ndani.

MASWALI

Juakali22: Chupa ngapi jumla? Na uzito je?
Fundi Chupa: 19. Hatua ya 5.

Kipepeo: Mwalimu, kwa nini 19? Kwa nini si 16 au 20?
Fundi Chupa: Swali zuri sana. Chupa ya mviringo huzungukwa na wenzake 6 hasa, wakagusana wote bila pengo la kuchezea. Ukianza na 1, mzunguko wa kwanza ni 6, wa pili 12, wa tatu 18. Kwa hiyo hesabu zinazofunga ni 7, 19, 37. Ya 7 ina upana wa sentimita 27 hivi, inamfaa mtoto au chungu cha maua. Ya 37 ni meza ndogo, sentimita 63. Ya 16 utaipanga mraba, na mraba huteleza ukawa msambamba.

Tumaini: Nimefuata maelekezo, kigoda kimebonyea upande mmoja. Somo lako halifanyi kazi.
Fundi Chupa: Chupa za upande huo zilikuwa na gramu ngapi?
Tumaini: Sikupima, ila zilijaa.
Fundi Chupa: Kujaa kwa macho si kujaa. Zitoe, zipime. Nitashangaa zikifika 400.

Bi Mwanga: Samahani ndugu, nikijaza mchanga badala ya mifuko?
Fundi Chupa: Inawezekana, dada, na mchanga haubonyei. Ila chupa ya lita 1.5 ya mchanga mkavu ni zaidi ya kilo 2, kigoda kizima kinapita kilo 40. Hakihamishiki, na silikoni haitaubeba uzito huo ukikiinua. Mifuko yako nayo itabaki jalalani. Ukitaka kigoda kitulie mahali pa upepo, jaza mchanga ile ya katikati tu.

Juakali22: Si rahisi kuyeyusha plastiki kwenye sufuria nikamimina kwenye umbo?
Fundi Chupa: Usifanye. Plastiki za nyumbani ni mchanganyiko. Ikiwemo ya aina ya PVC, ile ya mabomba ya maji, ukiichoma inatoa gesi ya asidi inayounguza mapafu. Kazi hiyo inataka plastiki iliyochambuliwa, joto linalopimwa na mahali penye hewa.

Mzee wa Msasa: Nyongeza. Chupa zenye kiuno msizitupe. Zikateni kwa mzunguko kuanzia chini, mpate utepe mmoja mrefu wa upana wa milimita 5. Ukiuzungushia kwenye mguu wa kiti uliolegea na kuupitishia hewa ya moto, unasinyaa na kubana mno.
Fundi Chupa: Kweli kabisa, mzee. Zungusha mara 8 au 10, zipandane. Moto usiwe wa karibu, utakatika.

Kipepeo: Na madumu ya lita 20 yaliyopasuka? Nataka ya kupandia mboga.
Fundi Chupa: Kata upande mmoja mpana, lilaze. Toboa matundu 8 chini, ukubwa wa penseli. Dumu jeupe lipake udongo au lifunge gunia kwa nje: mwanga ukipenya, mwani unaota ukutani na mizizi inaungua. Lililobeba dawa za mimea au mafuta ya gari usipandie chakula.

Tumaini: Nimepima. 340, 365, 310.
Fundi Chupa: Vizuri umepima. Fungua hizo tatu, anza upya kwenye mabega. Tyubu ilegeze kwanza, usiikate.