Jinsi ya kusoma kiboksi cha tolaransi ya mahali kwenye mchoro wa mashine

Tuchukue bamba la chuma lenye tundu la kipenyo (⌀) 10, +0.2/0, yaani 10.0 hadi 10.2, vipimo vyote vikiwa milimita. Chini ya kipimo hicho pana kiboksi: ⌖ | ⌀0.2 Ⓜ | A | B | C. ⌖ ni alama ya mahali, 0.2 ni tolaransi, yaani kiasi cha kukosea kinachoruhusiwa, Ⓜ tutaifikia hatua ya 5, na A, B, C ni nyuso za bamba ambazo vipimo huanzia. Umbali wa kufikia kitovu, 40 kutoka B na 25 kutoka C, umefungiwa kwenye visanduku na hauna ±.

Hatua ya 1. Anza na jedwali la kichwa cha mchoro, aghalabu kona ya chini kulia. Je, mchoro unafuata kiwango cha kimataifa, ISO, au cha Kimarekani, ASME Y14.5? Wengi huiruka hatua hii, kisha hubishana na mteja. Kwa ASME, pini iliyofikia kipimo chake kikubwa kabisa lazima iwe imenyooka kabisa. Kwa ISO 8015, ukubwa na unyoofu hukaguliwa kila kimoja peke yake, isipokuwa pameandikwa Ⓔ, alama inayoleta sharti kama lile la ASME.

Hatua ya 2. Fuata herufi zilivyopangwa kiboksini, hata kama ni C, A, B. Hapa bamba lilale kwanza kwenye uso A, ligusane mahali patatu. Ndipo lisukumwe B, mahali pawili. Mwisho C, mahali pamoja tu. Ukianza na B, kazi nzuri itasomeka mbovu.

Hatua ya 3. 40 na 25 ni mahali kamili. Uhuru wote umo kwenye ⌀0.2: mhimili wa tundu ubaki ndani ya silinda ya kipenyo hicho, yaani usihame zaidi ya 0.1 kuelekea upande wowote.

Hatua ya 4. Pima. Tuseme umepata 40.12 na 25.05. Zidisha mara mbili umbali wa mshazari kutoka mahali kamili, kwa kuwa tolaransi imetolewa kama kipenyo:

2 × √(0.12² + 0.05²) = 0.26

Imezidi 0.2. Usilitupe bamba bado.

Hatua ya 5. Ⓜ inasema ile 0.2 ni ya tundu likiwa dogo kabisa, 10.0. Tundu likipanuka, bolti hupata nafasi, na nafasi hiyo huongezwa kwenye tolaransi. Umepima 10.1? Ziada ni 0.1, ruhusa inakuwa 0.3, na 0.26 inapita. Bila Ⓜ, bamba limekataliwa.

Na kama tundu ni 10.02? Ruhusa ni 0.22, halipiti. Lipitishie rima, kifaa cha kupanua tundu, hadi 10.1: kitovu hakihami, ruhusa inaongezeka, bamba linapona. Ila 10.2 ndio mwisho.