Somo: Kutoka peke yako Lubumbashi, kuzungumza na watu usiowajua, na kuagana nao vizuri

Karibu kila juma kuna mwanachama wa kikundi chetu ananiandikia akitaka kujua jinsi anavyoweza kutoka peke yake hapa Lubumbashi, bila rafiki, bila mchumba na bila ndugu wa kumsindikiza, akafurahi, akazungumza na watu asiowajua, kisha akarudi nyumbani salama. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Nimeandika yote hapa, na kuanzia leo atakayeniuliza nitamrudisha kwenye somo hili.

Ieleweke tangu mwanzo kwamba katika mji wetu watu wa kuongea nao hawatafutwi. Ukikaa peke yako kidogo tu, atatokea mtu wa kukuuliza unamngoja nani. Ndiyo maana sehemu kubwa ya somo hili inahusu namna ya kubaki huru katika matembezi yako, na hasa namna ya kuagana.

Hatua ya kwanza: siku na saa. Jumamosi asubuhi au Jumapili baada ya ibada, na giza likianza kuingia uwe umeshapanda gari la kurudi.

Hatua ya pili: unachobeba. Kadi ya mpiga kura, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho, simu yenye chaji, na falanga katika noti ndogondogo, kwa maana anayezunguka sokoni akiomba kuvunjiwa noti kubwa anamtangazia kila mtu alicho nacho. Juni na Julai ongeza sweta.

Hatua ya tatu: sababu. Usitoke bila sababu, hata ikiwa ni ya kujitungia, kwa kuwa utaulizwa, na anayejibu "natembea tu" huonekana ama ana huzuni ama ana siri. "Nimekuja kuangalia misalaba ya shaba kwenye makumbusho" ni jibu linalomtosha mtu yeyote. Makumbusho yetu yalianzishwa mwaka 1946, na misalaba hiyo ilikuwa fedha ya watu wa Katanga muda mrefu kabla ya falanga. Ukisimama mbele yake bila haraka, yaelekea mzee mmoja atakuja kukueleza mambo ambayo hayakuandikwa kwenye kibao. Asiye na moyo wa makumbusho ana soko la Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi, si nchi), bustani ya wanyama, au kiwanja cha Mazembe, timu yetu ya mpira, pale Kamalondo siku ya mechi. Septemba na Oktoba sababu hujileta yenyewe, kwa kuwa jakaranda huchanua, barabara za katikati ya mji zikageuka zambarau, na hakuna anayeshangaa kumwona mtu akitembea polepole chini ya maua. Ukipotea, inua macho utafute bomba refu la moshi la kiwanda cha shaba na kilima cheusi cha mabaki yake kando yake. Kiwanda hicho kilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, mji ukiwa na umri wa mwaka mmoja tu, na mpaka leo alama hizo mbili huonekana kutoka sehemu nyingi za mji.

Hatua ya nne: mahali pa kukaa. Kaa karibu na mtu anayefanya kazi kwa mikono yake: fundi viatu, mchoraji wa picha, mama anayesuka, au, kwa maoni yangu bora kuliko wote, fundi wa malakiti, lile jiwe la kijani la mapambo. Huyo huchovya jiwe ndani ya ndoo, akalisugua kwa msasa uliolowa, na tope la kijani likamshuka mpaka kwenye kifundo cha mkono; kisha analisuuza, na ile mistari ya kijani kizito na kijani hafifu, ambayo dakika moja iliyopita haikuwapo, inajitokeza yote kwa pamoja. Ukikaa hapo macho yako yana kazi, mikono yake ina kazi, na mazungumzo yanakuja yakitaka. Yasipokuja, kimya hakimwaibishi mtu.

Hatua ya tano: neno la kwanza. Msalimie kabla hajakusalimia, na umwite inavyostahili: Papa au Mama kwa aliye wa rika la wazazi wako, Yaya kwa aliyekupita umri kidogo, mdogo wangu kwa aliye chini yako. Kisha uliza juu ya kitu mnachokiona nyote wawili, jiwe, mvua, gari lililokwama. Usiulize "asili yako ni wapi". Mji huu umejengwa na watu waliotoka kila upande, wengi wakiletwa na reli na migodi, na wapo wanaokumbuka miaka ya 1992 na 1993, Wakasai, yaani watu wenye asili ya Kasai, walipofukuzwa katika jimbo la Katanga la wakati huo, wengi wao wakiwa wamezaliwa hapa hapa. Swali ambalo kwako ni la kupitisha muda, kwa mwenzako huenda likafungua kidonda. Akitaka kukuambia atakuambia mwenyewe.

Hatua ya sita: kuagana. Hapa soma polepole, kwa sababu wengi huvuka hatua zote tano vizuri, kisha wakaharibu hapa.

Ondoka mazungumzo yakiwa bado matamu, na usiahidi kitu. Watu wa adabu wanapoagana huona ni lazima waseme "nitapita kwenu" au "tutaonana Jumapili", nao wanadhani maneno hayo ni ya kupambia kwaheri. Si hivyo kwa anayeyasikia. Mama uliyemwambia utapita Jumapili atasonga bukari, yaani ugali, atachinja kuku aliyekuwa amemhifadhi kwa ajili ya sikukuu, atawavalisha watoto nguo za kanisani, na atakaa mlangoni akiitazama njia mpaka bukari ipoe. Usiniulize nimejuaje. Ahadi ni deni, na deni la namna hii halilipiki, maana ukienda juma linalofuata utakuta umeshasemwa mtaa mzima, tena kwa haki.

Onyo la pili ni namba ya simu. Kutoa namba si jambo dogo kama linavyoonekana. Utaanza kwa kubipiwa, kisha utasalimiwa kila asubuhi, kisha utaambiwa mtoto amefukuzwa shuleni kwa kukosa karo. Huyo si tapeli hata kidogo. Ulipompa namba ulijiingiza katika ukoo wake, na katika ukoo watu huambiana shida. Kama huko tayari kuwa ndugu, usitoe namba, wala usitoe namba ya uongo, kwa kuwa wengi huipiga pale pale ili na wewe upate yao.

Onyo la tatu: lipia kinywaji chako kinapoletwa tu, usingoje mwisho. Aliyekwisha kulipa anaweza kusimama wakati wowote, lakini anayengoja hesabu hushikwa na meza. Ukimnunulia mmoja, hesabu kwamba umewanunulia wote waliokaa.

Namna yenyewe ya kuondoka ni kuomba ruhusa, kisha kuingoja. Sema, "Papa, ninaomba ruhusa, bado nina safari," halafu ukae kidogo mpaka akujibu, kwa sababu kuomba na kuondoka papo hapo ni sawa na kutoomba. Akisimama akusindikize, kubali, maana kusindikizwa ni heshima na kuikataa ni dharau. Ila akufikishe barabara kubwa tu, wala si nyumbani kwako. Na kwa kuwa umesema una safari, usirudi kupita njia hiyo hiyo baada ya nusu saa ukiwa unakula karanga.

Hatua ya saba: panda teksi, urudi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Kampemba: Asante kwa somo. Sasa ni wapi hasa mtu anaweza kwenda akiwa peke yake?

Jibu: Soma hatua ya tatu.

Mwanachama huyo huyo: Nimeipitia, lakini sijaona bei.

Jibu: Bei hubadilika pamoja na falanga. Uliza mlangoni kabla ya kuingia.

Mwanachama wa Ruashi: Yaya, tuseme ukweli. Mwanamke anayetoka peke yake ana lake analolitafuta. Hili si somo la kutafuta wachumba kwa mlango wa nyuma?

Jibu: Ningekuwa ninafundisha kutafuta wachumba nisingekataza kutoa namba za simu. Wewe ukikaa peke yako na chupa yako hakuna anayekuuliza unatafuta nini, nami sioni kwa nini mimi niulizwe nikiwa na kikombe cha munkoyo, kinywaji chetu cha unga wa mahindi.

Mwanachama wa Katuba: Yaya, mimi ni msichana, na swali langu halina kejeli. Nikikaa mahali pa vinywaji, hata kama ninakunywa maji tu, wanaume huvuta viti. Nifanyeje?

Jibu: Mdogo wangu, swali lako ni zuri na nilipaswa kuliandikia hatua yake. Kwanza, badilisha mahali. Pale panapouzwa pombe jioni, mwanamke aliye peke yake husomwa kwa namna moja tu, na hutaibadilisha kwa kukunja uso. Nenda saa za mchana kwenye vibanda vya akina mama wanaouza chakula, pale bukari inapoliwa na matamba (majani ya muhogo) au samaki, ukae upande wa mpishi na si upande wa barabara. Mwite Mama, mwulize anavyopika, msaidie kupitisha sahani. Ukishakuwa mgeni wake, mwanaume atakayevuta kiti atajibiwa na yeye kabla yako, na ulimi wa mama wa kibanda cha chakula hauhitaji msaada wako. Pili, kinywaji kifunguliwe mbele ya macho yako, na ukiinuka kwa sababu yoyote, ukirudi usikimalize. Tatu, mwambie mtu mmoja wa nyumbani uko wapi. Kutoka peke yako hakumaanishi kutoweka.

Mwanachama aliyehamia kutoka Kolwezi: Mimi ni mnyamavu tangu utoto. Nikimkaribia mtu nisiyemjua, hata salamu hunikwama kooni. Je, kuna mahali pa kuanzia kwa watu kama sisi?

Jibu: Ndiyo, ni kiwanja cha mpira. Uwanjani hakuna aliye peke yake na hakuna anayelazimika kusema. Nenda siku Mazembe inapocheza na timu ndogo, si siku ya Lupopo, mahasimu wao wa hapa hapa mjini, kwa sababu siku hiyo mji mzima huwa na joto na utatakiwa uonyeshe uko upande gani. Keti kati ya wazee. Likifungwa goli, jirani yako atakushika bega kabla hajakujua, na hapo salamu zimekwisha bila wewe kufungua mdomo. Wakati wa mapumziko uliza swali moja tu: kikosi cha 1967 na 1968 na kile cha 2009 na 2010, kipi kilikuwa bora? Vyote viwili vilitwaa ubingwa wa Afrika mara mbili mfululizo, na swali hilo halina jibu, kwa hiyo wewe utasikiliza tu mpaka kipindi cha pili. Mtu mnyamavu hupendwa sana na wazee wanaosimulia.

Mwanachama wa Kampemba: Naweza kupiga picha majengo mazuri ya zamani ya mjini?

Jibu: Majengo ya serikali, askari, kituo cha reli na uwanja wa ndege, hapana. Mengine, uliza kwanza aliye mlangoni. Watu nao waombwe ruhusa. Na kwa heri yako, kadi ya mpiga kura ni hatua ya pili.

Mwanachama wa Kenya: Naongeza jambo dogo kuhusu munkoyo. Usinunue kwa mama ambaye hakorogi kabla ya kumimina. Unga hukaa chini, na asipokoroga, wa kwanza hunywa maji na wa mwisho hunywa uji.

Jibu: Ni kweli kabisa. Nami naongeza kwamba munkoyo wa asubuhi ni mtamu na wa jioni huwa umeshachachuka. Wapo wanaoupenda hivyo, ila usiunywe ukiwa na njaa.

Mwanachama aliyehamia kutoka Kolwezi: Asante, Yaya, nitajaribu uwanjani. Na wakati wa mvua, mpira unapoahirishwa na barabara zimejaa tope, mnakwenda wapi?

Jibu: Wakati wa mvua ninakwenda kwa akina mama wanaouza bowa kando ya barabara zinazotoka mjini. Uyoga ule mkubwa humea kwenye vichuguu, na kuna aina ambayo kofia yake huweza kufikia upana wa mita 1, kiasi kwamba muuzaji huushika kama mwavuli. Hakuna mahali rahisi zaidi pa kuanzisha mazungumzo, kwa sababu kila mama ana maoni yake makali juu ya kichuguu kipi hutoa uyoga mtamu, naye hupenda kubishwa.

Mwanachama wa Katuba: Lakini mtu atajuaje usio na sumu?

Jibu: Usiuchume mwenyewe kamwe, hata kama umeuona mwingi nyuma ya nyumba. Nunua kwa mama mwenye wateja wanaorudi kwake, mwulize jina la uyoga huo, kisha mwulize na jirani yake jina hilo hilo bila yeye kusikia. Ununue ukiwa mzima na shina lake. Ukishakatwakatwa, hata mjuzi hawezi kukuambia ni uyoga gani.