Namna ya Kuvusha Mfereji wa Umwagiliaji Kwenye Kijito

Kabla ya kuchagua aina ya kivuko, pima kimo cha sakafu ya mfereji na kimo cha juu kabisa cha mafuriko ya kijito, ambacho takataka zilizonasa kwenye miti na kumbukumbu za wazee hukionyesha vizuri kuliko maji ya kiangazi.

Iwapo mfereji uko juu ya mafuriko, jenga daraja la maji. Wachagga wa Kilimanjaro walivusha mifongo yao, yaani mifereji yao ya jadi, juu ya makorongo kwa magogo yaliyochongwa. Leo hutumika bomba la chuma au mfereji wa zege juu ya nguzo. Acha nafasi ya kupitisha miti inayochukuliwa na mafuriko, na uchimbe misingi kupita kina ambacho maji yanaweza kuchimbua, maana nguzo nyingi huangushwa kuanzia chini.

Vimo vikikaribiana, pitisha maji ya mfereji ndani ya bomba lililofukiwa chini ya kijito. Njia hii ndiyo yenye usumbufu zaidi: mdomo wa kutokea lazima uwe chini kuliko wa kuingilia, kasi isipungue takriban mita 1 kwa sekunde ili tope lisituame, na mdomo wa kuingilia uwekewe chujio la nondo linalosafishwa mara kwa mara.

Kijito kidogo kilicho chini sana ya mfereji hupitishwa kwa kalavati chini ya tuta linalobeba mfereji. Kwa vyovyote, weka mlango wa kumwagia maji ya ziada kabla ya kivuko, kwa sababu mfereji ukifurika, tuta la udongo halidumu.