Skoa peke yake haikwambii kitu

Jamani nyie mnaocheza gofu Nyali ama pale Mombasa Golf Club kando ya bahari, ukimaliza kila shimo andika vitu vitatu kwenye kadi: mpira wa kwanza ulikaa kwa feawei (ile njia ya nyasi fupi) ama la, ulifika griini (pale nyasi laini penye shimo) kwa mipigo inayotakiwa ama la, yaani miwili kwa shimo la paa 4 (linalotakiwa kumalizwa kwa mipigo minne), na umepati, yaani kuusukuma mpira shimoni ukiwa griini, mara ngapi. Basi. Baada ya raundi kadhaa utaona wewe mwenyewe, wengi wanalaumu draiva, ile fimbo ya kupiga mbali, kumbe mipigo inaliwa kwa griini. Ila usijichape sana, hata maprofeshono wa PGA Tour wakiwa futi 8 kutoka shimo wanaingiza kama nusu tu.

Lakini namba ziwe za mashindano bana, si zile za kucheza na mabeshte mnasameheana pati fupi na mpira ukipotea kichakani unatupa mwingine kimyakimya! Ingia shindano la klabu wikendi, mwenzako asaini kadi, ipelekwe kuhesabiwa hendikapu, ile namba ya kiwango chako. Hendikapu siku hizi ni wastani wa raundi 8 bora kati ya 20 za mwisho, kwa hivyo raundi moja mbovu siku ya kusi kali isikukoseshe usingizi.