Namna ya Kudai Mali Iliyochukuliwa na Polisi wa Marekani Bila Mtu Kushtakiwa

Sheria za Marekani zinawaruhusu polisi na vyombo vya serikali kuu kuchukua fedha, gari au hata nyumba ya mtu kwa kushuku kwamba mali hiyo imetokana na uhalifu au imetumika katika uhalifu, hata kama mwenyewe hakukamatwa wala hatashtakiwa kamwe. Shauri hufunguliwa dhidi ya mali, si dhidi ya mtu, na ndiyo maana mojawapo ya kesi zake zinazotajwa sana inaitwa Marekani dhidi ya dola 124,700. Kwa kuwa anayeshtakiwa ni fedha, mwenye fedha hana haki ya kuwekewa wakili na serikali, isipokuwa pale asiye na uwezo anapotetea nyumba anayoishi. Mbaya zaidi, asipoidai mali yake anaipoteza hata kama hana kosa lolote.

Kesi hiyo inafaa kueleweka na kila Mwafrika Mashariki anayeishi huko na kubeba fedha za michango. Dereva alisimamishwa Nebraska kwa kwenda kasi katika gari la kukodi, na polisi wakakuta fedha ndani ya kisanduku cha kuhifadhia ubaridi, zimefungwa kwa karatasi ya alumini. Dawa za kulevya hazikupatikana. Alieleza mahakamani kwamba yeye na wenzake walichangishana ili kununua lori la friji, lakini barabarani alikuwa amewaambia polisi kwamba hakubeba fedha. Mwaka 2006 mahakama ya rufaa iliipa serikali ushindi. Nadhani uamuzi huo haukuwa wa haki, ila ndio unaoonyesha jinsi majaji wanavyoweza kuyatazama maburungutu ya noti yasiyo na karatasi za kuyaeleza.

Ukisimamishwa, basi, usiseme uongo kuhusu fedha ulizo nazo. Unaweza kukaa kimya, na unaweza kusema kwa adabu kwamba hukubali kupekuliwa. Kubeba fedha taslimu kiasi chochote ndani ya nchi si kosa. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba polisi hawaruhusiwi kumchelewesha dereva aliyesimamishwa kwa kosa la barabarani ili tu wamlete mbwa wa kunusa, iwapo hawana sababu ya msingi ya kumshuku. Wakichukua mali, omba stakabadhi inayoitaja pamoja na jina la idara yao. Usitie saini karatasi yoyote inayosema kwamba fedha si zako au kwamba unaziachilia, hata ukiambiwa kuwa ukisaini utaondoka mara moja.

Siku hiyo hiyo andika kila unachokumbuka, kisha anza kukusanya ushahidi: taarifa za benki, hati za mishahara, risiti za mauzo, na ujumbe wa simu wa kikundi unaoonyesha nani alichangia kiasi gani kwa ajili ya harusi au msiba. Fedha zikiwa za watu kadhaa, kila mmoja adai fungu lake kwa jina lake, na wewe uliyezibeba ueleze kwamba ulikuwa unazishika kwa niaba yao.

Kinachofuata ni barua ya taarifa. Chini ya sheria ya mwaka 2000 iliyorekebisha utaratibu huu, serikali kuu ina siku 60 za kuituma, au siku 90 ikiwa mali ilichukuliwa na polisi wa jimbo kisha ikakabidhiwa kwake. Katika majimbo mengi makabidhiano hayo yanaruhusiwa, na polisi wa jimbo hurudishiwa mgawo unaoweza kufika asilimia 80. Kwa hiyo tazama vizuri barua imetoka kwa nani, maana majimbo yana sheria na muda wao, na mengine, kama New Mexico tangu 2015 na Maine tangu 2021, yameufuta mfumo huu katika sheria zao. Ikiwa umehama, iarifu idara iliyoandikwa kwenye stakabadhi anwani yako mpya, kwa maandishi.

Barua hiyo hutoa njia mbili, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Njia ya kwanza ni ombi la kusamehewa, linaloamuliwa na idara ile ile iliyochukua mali, bila jaji. Njia ya pili ni dai, ambalo huilazimisha serikali kupeleka shauri mahakamani au kurudisha mali. Kwa mtu asiye na hatia, chagua dai. Halihitaji dhamana ya fedha wala fomu maalumu: linataja mali, linaeleza haki yako juu yake, na linaapishwa kwa maelewano kwamba kusema uongo ni kosa la jinai. Lazima lifike kabla ya tarehe iliyoandikwa, ambayo haipungui siku 35 tangu barua ilipotumwa. Litume kwa njia yenye uthibitisho wa kupokelewa, na ubaki na nakala. Kwa kuwa ni kiapo, zungumza kwanza na wakili ikiwa kuna uchunguzi wa jinai au hali yako ya uhamiaji haijatulia.

Dai likipokelewa, serikali huwa na siku 90 za kufungua shauri. Ikifungua, utatakiwa kuwasilisha dai jingine mahakamani, na majibu ndani ya siku 21 baada yake. Ni juu ya serikali kuthibitisha uhusiano wa mali na uhalifu, ingawa inatosha ushahidi wake uwe mzito kidogo kuliko wako. Ukidai kwamba mwingine alitumia gari lako kwa uhalifu bila wewe kujua, mzigo wa kuthibitisha hilo ni wako. Ukiwa unalihitaji gari kwa kwenda kazini, unaweza kuomba liachiliwe kwa muda kwa sababu ya dhiki. Ukishinda kwa kiasi kikubwa, serikali kuu hulipa gharama za wakili, jambo linalofaa kutajwa kwa wakili anayesita kuichukua kesi.

Wanaosafiri kwenda nyumbani wana sharti la ziada. Anayetoka au kuingia Marekani na zaidi ya dola 10,000 lazima atoe tamko kwa forodha. Tamko si kodi, na fedha hazizuiliwi kwa kutajwa. Zinazochukuliwa ni zile zilizofichwa au kugawanywa kwa wanafamilia ili kukwepa kikomo. Vivyo hivyo, kuweka benki fedha halali kidogo kidogo ili benki isitoe taarifa ni kosa la jinai.