Kuonja wiski ya pipa la sheri kwenye baridi ya Mbeya

Kazi yangu ni kuonja kahawa ya Mbozi, na pua ya kazini ndiyo ninayoipeleka kwenye wiski ya kimea (shayiri iliyooteshwa) ya Scotland, iliyolala kwenye mapipa yaliyowahi kukaa sheri, divai kali ya Uhispania. Kwanza, weusi wa wiski usikubabaishe. Sheria inawaruhusu watengenezaji kuongeza karameli ya rangi. Viwanda vya Glenfarclas na Macallan haviongezi. Chupa nyingine, soma lebo.

Chukua glasi yenye tumbo pana na mdomo mwembamba, mimina kama vijiko viwili vya chakula. Usitie barafu. Juni na Julai huku kwetu harufu hujificha kwa baridi, kwa hiyo ifumbate glasi viganjani mpaka ipate uvuguvugu. Usiwe umetoka kula pilipili.

Sasa nusa, taratibu, mdomo ukiwa wazi kidogo ili kilevi kisikuchome pua. Hapa usiwe na haraka kabisa. Pipa lililokaa oloroso, sheri nyeusi isiyo tamu, huleta zabibu kavu, njugu, ganda la chungwa, mdalasini. La Pedro Ximénez, sheri tamu kupindukia, huleta tende na tini. Mti wa pipa nao una lake: mwaloni wa Ulaya hukaza ulimi kama chai iliyokolea majani. Wa Marekani huelekea vanila. Mimi hutafuta pia kakao, na aliyewahi kupita Kyela wakati wa kuianika ataitambua upesi. Ukikuta harufu ya kiberiti kilichotoka kuwashwa, hiyo ni salfa inayofukizwa ndani ya mapipa yasiharibike. Wapo wanaoipenda. Mimi napunguza alama.

Mdomoni, izungushe ulimini kabla ya kumeza. Wiski ya Aberlour A'bunadh haizimuliwi kwa maji kiwandani, hufika karibu asilimia 60 ya kilevi. Ongeza maji tone kwa tone, ukinusa upya kila mara.

Kisha jiulize swali ninaloliona kubwa kuliko yote: shayiri bado ipo? Wiski nzuri ya sheri hukuachia ladha ya nafaka na asali chini ya matunda. Ikiwa unachokipata ni zabibu na mbao tu, pipa limeimeza wiski, hata bei iwe kubwa namna gani. Ukibaki na shaka, acha glasi tupu mpaka asubuhi uinuse tena. Kilevi kikishakauka, kimea hujitokeza, kama kilikuwepo.